Mvinyo wa Posa ya Abigail

Cedar Hill, Texas
20 Septemba 2003

Shemeji Baba Elibariki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama Elibariki, hapo Houston. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile ya kuinua wazee wa watu, na mgongo unalalamika kama kawaida yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Jumapili ulinikatia nikiwa katikati ya maneno, na nilipopiga tena Mama Elibariki akasema umeshalala, wakati nilikusikia kabisa nyuma yake ukiuliza rimoti ya televisheni iko wapi. Sawa. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana, lakini huwezi kunidakia.

Jambo lenyewe unalijua. Watu wa Ushindi wanakuja kumposa Abigail Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba, jioni. Watatoka hapo hapo kwenu Houston, kule Gulfton: mama yake Rosette, mzee Omer, ambaye ni baba yake mdogo na ndiye atakayekuwa msemaji, na ndugu wengine wachache. Nakuomba uje upokee posa ya mtoto wa mdogo wako. Tangu Absalom atutoke, Abigail hana baba mwingine ila wewe, na nisingependa wageni waulize watu wa upande wa baba wako wapi.

La pili ni dogo, ila linaninyima raha. Ni habari ya mvinyo. Unakumbuka tulivyokubaliana sisi Wamachame wa Texas tangu mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe taabu kuipata: wageni huja na kinywaji chao, na nyumba ikikubali hufungua chake. Chupa ya nyumba ikibaki imefungwa, jibu ni hapana, watu wanakula pilau lao wanaondoka. Chupa ya nyumba hii ni ile nyeupe ya Absalom, aliyoiweka kabatini Abigail akiwa bado anatambaa. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia sebuleni kwangu asionyeshwe. "Hiyo ni ya posa ya Abigail." Tumehama nayo nyumba kwa nyumba, na kila tulipofika ilisimama mahali pa heshima, ndani ya kabati la vioo karibu na dirisha, juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe.

Juzi niliitoa nikaiangalia vizuri. Shemeji, ule mvinyo si mweupe tena. Umekuwa kama chai ya rangi. Kizibo kimevuja, na shingoni pananata. Nikamweleza Wacuka, yule Mkenya ninayefanya naye kazi Fort Worth, ambaye aliwahi kuhudumu hotelini Nairobi na mambo haya anayajua. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Theo, hiyo ilikufa kitambo! White wine hai-keep hivyo, na wewe umeiweka kwa dirisha na hii joto ya Texas! Unataka ku-poison in-laws hata kabla ya wedding?"

Kwa hiyo nafikiria kununua nyingine ya kufungua jioni ile, na ya Absalom ibaki kabatini kama kumbukumbu. Unaonaje? Nisalimie Mama Elibariki.

Mimi shemeji yako,
Theodora


Houston, Texas
27 Septemba 2003

Mama Abigail,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho. Kuhusu rimoti, nilikuwa naitafuta ili nizime televisheni nilale, kwa hiyo Mama Elibariki hakukudanganya.

Huyo kijana Ushindi namjua. Anapiga gitaa katika kwaya ya ibada yetu ya Kiswahili, na anapiga vizuri. Sina ubaya naye. Lakini gitaa si ukoo. Nikipiga simu Machame kesho, nitawaambia wazee tumempeleka binti yetu kwa nani, wa wapi? Nilimuuliza mzee Omer baada ya ibada, kwa heshima zote, kwenu ni wapi. Alinitajia kambi. Kambi ya wakimbizi Kigoma, mama. Kambi si kwao mtu. Kijana anapanga makasha kwenye ghala, na Abigail anamaliza chuo kikuu hapa hapa Houston. Marehemu mdogo wangu hakuvuka bahari na vitabu vyake ili mambo yaishie Gulfton.

Kuhusu mvinyo, nimeshangaa. Mvinyo si maziwa, Mama Abigail. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mzuri, na hilo linajulikana dunia nzima. Wazungu wanauchimbia mashimo ili uzeeke. Rangi kubadilika ndiyo dalili kwamba umekomaa. Huyo Wacuka mwambie aendelee na wagonjwa.

Na hata kama ungekuwa haujakomaa, hiyo si chupa ya kubadilishwa kama balbu. Aliiweka Absalom. Chupa ya nyumba hufunguliwa na upande wa baba, na upande wa baba ni mimi. Mimi sijaridhika na posa hii. Maana yake ni kwamba tarehe 25 chupa haitafunguliwa. Ukinunua nyingine ukaifungua, mtakuwa mmekunywa kinywaji tu, kama watu wanavyokunywa kwenye sherehe ya kuzaliwa, na hakuna posa iliyopokelewa.

Waambie wageni tarehe imeahirishwa. Mimi nitaandika nyumbani, tutasikia wazee wanasemaje. Haraka ya nini?

Ni mimi shemeji yako,
Edson


Cedar Hill
2 Oktoba 2003

Shemeji,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama yangu alinilea vizuri, lakini leo moyo wangu hauitaki.

Siahirishi.

Umesema kambi si kwao mtu. Rosette alikuwa na nyumba Uvira, kule Kongo, na duka la vitambaa chini ya nyumba, na mume. Alitoka pale na watoto na sufuria moja, na mume hakutoka. Walipofika Kigoma wakapewa hema. Mzee Omer alipokutajia kambi alikuwa anakujibu swali lako kwa ukweli, maana ndipo walipoishi muda mrefu. Wewe ulitaka akutajie shamba la migomba la babu yake? Nimeona aibu kwa niaba yako, na nimeona aibu zaidi kwamba yeye hakunilalamikia hata kidogo.

Usidhani mimi nilimpokea Ushindi kwa vigelegele. Mwanzoni nilinuna kuliko wewe. Nilimuuliza Abigail, "Hivi hapo Houston hukuona mtu mwingine?" Akanijibu kwa kile Kiswahili chake, "Mom, I saw everybody. Nimechagua yeye." Nikatafuta kasoro, na kasoro anazo. Anachelewa. Anamimina pilipili mpaka unakuwa huoni chakula. Mwezi wa sita alirudisha gari nyuma akaligonga sanduku langu la barua likalala chini. Lakini alikuja mlangoni, akasimama, akasema, "Mama, nimekosea," akaenda kununua nguzo. Mimi niliishi na mwanamume mzuri miaka yote ile, Mungu amlaze mahali pema, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Wala kinywani mwako.

Sasa nikuhadithie habari ya mvinyo, upende usipende. Hapa Cedar Hill sheria ya mji hairuhusu uuzwe, kwa hiyo nilipotoka kazini Fort Worth nilikwenda dukani na Wacuka. Shemeji, ni ukuta mzima. Mvinyo mweupe peke yake ukuta mzima! Nilisimama pale na sare yangu ya kazi kama mtu aliyepotea uwanja wa ndege. Tukachukua chupa tatu, tukaenda kuzionja kwa Wacuka na chapati zake za jana.

Ya kwanza ilikuwa tamu kama Fanta. Ndiyo ile ya harusi zetu zote, ambayo akina mama wa kanisa huinywa huku wakiulizana kama si juisi. Ya pili ilinuka mbao, nikahisi nimefungua sanduku la bibi. Ya tatu haikuwa na sukari kabisa. Ilikuwa kali kidogo, baridi, ina harufu ya majani yaliyokatwa mvua ikiwa imetoka kunyesha. Nikanywa. Nikaongeza.

Wacuka akaniambia, "Hiyo watu wenu hawataipenda, Theo. Chukua ile sweet, kila mtu ako happy." Na ni kweli, hawataipenda. Lakini mimi nimeipenda. Nina miaka hamsini na moja. Nimepika anachopenda baba yangu, nikapika anachopenda Absalom, na ukija wewe nakupikia unachopenda wewe, bila chumvi nyingi kwa sababu ya presha. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza, Theodora, wewe unapenda nini? Basi nimejiuliza mwenyewe na nimejijibu. Jioni ya posa ya mwanangu itafunguliwa hiyo.

Nafasi ya kuifungua nakuachia wewe. Njoo. Kiti chako kitakuwa pale pale kichwani mwa meza.

Theodora


Houston
9 Oktoba 2003

Mama Abigail,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea Mama Elibariki. Amesema nisijibu nikiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja siku chache. Hasira haijaisha, lakini posta inafungwa.

Nitakueleza jambo ambalo sijakueleza tangu msiba. Zile siku za mwisho, Absalom akiwa hospitali, kuna mchana ulikwenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo. Tulibaki wawili. Alinishika mkono, unajua alivyokuwa hana nguvu, akaniambia, "Kaka, ile chupa. Ya mtoto. Uifungue wewe." Nikamwambia nitaifungua kwa mkono wangu na nitakunywa wa kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akalala. Ulipoingia ukatukuta kimya, ukadhani tumegombana.

Hakuna mwingine aliyesikia. Ningeweza kusema nimesahau na hakuna ambaye angenidai. Lakini mimi nilimwahidi mdogo wangu anayekufa, na wewe unataka nije nikae kichwani mwa meza ninywe majani yaliyonyeshewa, uliyoyachagua na Mkenya huku mkila chapati za jana. Unataka nimwambie nini Absalom?

Kwa kuwa huna kazi nayo tena, naitaka chupa. Elibariki anakuja Dallas wikiendi ya tarehe 18 kuwaona rafiki zake wa chuo. Mpe ailete. Mwambie asiiache ilale kwenye gari.

Na ukiendelea na hiyo tarehe 25, ujue unaendelea bila mimi. Sitakuwepo kwenye posa na sitakuwepo kwenye harusi. Siku hiyo ataingia kanisani ameshikwa mkono na nani? Lifikirie hilo kabla hujakata keki.

Edson


Cedar Hill
17 Oktoba 2003

Shemeji,

Shikamoo.

Chupa hiyo hapo. Nimeizungushia kanga na kuiweka kwenye boksi la viatu, na Elibariki ameapa mbele yangu kwamba itapanda naye ghorofani kwa hao rafiki zake. Alikunywa chai, akala maandazi saba. Mtoto mzuri.

Habari ya ahadi sikuijua. Niliisoma jikoni nimesimama, na nikalia, sitaki udhani mimi ni jiwe. Nilifikiria mkono wake ulivyokuwa mwepesi zile siku. Nisingekuficha kama ningekuwa wewe, lakini najua kwa nini ulinificha. Wewe ukiwa na kitu cha thamani unakifungia.

Sasa na mimi nikutolee changu, kwa sababu chupa inaondoka na sitaki iondoke na uongo.

Chupa ile ilikuwa yangu.

Ulikuwa mwaka ule tunakaa Denton, Absalom anasoma, mimi nimefaulu mtihani wa uuguzi. Alirudi na chupa ndani ya mfuko wa vitabu, amefurahi kuliko mimi. Akasema jioni hii tunaifungua, mimi na wewe tu, muuguzi wangu. Nilikaanga samaki. Nilivaa lile gauni la kijani. Ndipo ukabisha hodi. Ulikuwa umeshuka ndege siku ile ile, hukutuambia, ulitaka kutushtua, na kweli ulitushtua. Ukaona chupa mezani, ukasema, "Siku hizi katika nyumba hii mwanamke anawekewa pombe?"

Absalom alikuogopa, shemeji. Ulimsomesha, ulimlipia nauli, alikuogopa kuliko mchungaji. Akadakia hapo hapo: "Hapana kaka, hiyo ni ya posa ya mtoto." Abigail alikuwa anatambaa chini ya meza. Wewe ukacheka, ukampiga mgongoni, ukamsifu kwa kuona mbali. Ukakaa kwenye kiti changu ukala samaki. Chupa ikaingia kabatini.

Nilidhani tutaifungua utakapoondoka. Lakini uliwahadithia watu, nao wakija wanataka kuonyeshwa, na yeye ikabidi aseme tena, na tena, mpaka mwenyewe akaamini. Sikumsuta hata siku moja. Nilikuwa naipangusa vumbi tu. Kila nilipoipangusa nilikumbuka kwamba kuna jioni yangu mle ndani.

Kama pale kitandani alisema ni ya mtoto, basi mwisho wake ilikuwa ya mtoto kweli, na siwezi kubishana na mtu aliyelala. Wewe timiza ahadi yako unavyojua. Mimi tarehe 25 nitafungua niliyoichagua. Usipokuja nitaifungua kwa mkono wangu. Umeuliza kanisani ataingia na nani. Ataingia na mimi, nilitembea naye miezi tisa tumboni na sikuomba ruhusa ya ukoo.

Theodora


Cedar Hill
26 Oktoba 2003, Jumapili

Edson,

Hukuja.

Nilikuwekea kiti. Nilimwambia Abigail asikiguse, akaniambia, "Mom, he's not coming," nikamwambia asikiguse. Walifika jioni, magari matatu, na kreti za bia na za soda, na vitenge vimekunjwa vizuri kwenye sinia, na Rosette amefunga kilemba utadhani yeye ndiye anayeolewa. Mzee Omer alikuwa na suti ya kijivu inayomzidi mabega. Alipokiona kile kiti akauliza ni cha nani. Nikasema ni cha baba mkubwa, yuko njiani. Unaona ulivyonifanya niseme uongo mbele ya wakwe. Akasema, "Kama baba iko mu njia, sisi tutamungoja. Hatuna haraka."

Wakakungoja. Yule uliyemwambia kambi si kwao mtu alikaa mikono magotini akikungoja wewe, wala hakugusa hata karanga. Tulingoja mpaka pilau likapoa, na watoto wakaanza kulia njaa, na mimi nikaanza kuona uso wa Abigail unabadilika. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Nikasema tuanze. Mzee Omer akasimama akasema, "Mama Abigaïl, sisi tumekuya na heshima. Tuliona ua mu hii nyumba, na mutoto wetu anaipenda. Nani njo ataitika?"

Wamachame wenzako waliokuwepo, Dokta Mushi na wengine, kila mmoja anatazama viatu vyake. Hakuna aliyetaka kuitika kwa niaba yako, wanajua ulivyo. Wageni wakaanza kutazamana. Nikamwona Ushindi amemshika Abigail kidole kimoja tu, chini ya meza, wakidhani hatuoni.

Nikasimama. Nikasema, "Ninayeitika ni mimi." Nikaenda kwenye friji nikatoa chupa yangu. Wacuka akanipa kifungulio. Kizibo kikagoma, Edson, kikagoma kabisa, mbele ya watu wote. Dokta Mushi akanyanyuka kidogo, eti anisaidie, nikamwangalia akakaa. Nikaibana kati ya magoti, na kitenge changu kipya, na umri wangu huu, nikavuta mpaka nikasikia mlio. Rosette ndiye aliyeanza vigelegele. Wakaitikia wanawake wote, hata wale wa kwetu walioapa kwamba hawaungi mkono.

Nikammiminia mzee Omer. Alikunywa yote bila kupumua na akasema asante. Rosette alionja, akakunja uso kama aliyelamba betri. "Mama Abigaïl, hii vin yako ni kali! Uniongezee Fanta kidogo." Nikamwongezea. Wengi waliongezewa. Mimi nilikunywa yangu hivyo hivyo, bila kitu.

Posa imepokelewa, na kama hujaipokea wewe, hilo ni lako. Sitaomba radhi kwa hilo, si kwako wala kwa wazee wa Machame, na ukitaka waandikie. Kinachoniuma ni kiti tu. Watu wa Absalom hawakuwepo hata mmoja, na mtoto wake aliona.

Theodora


Houston
26 Oktoba 2003, Jumapili, baada ya ibada

Mama Abigail,

Nakuandikia kabla ya barua yako kunifikia, maana najua umeandika, na najua umeandika nini.

Jana nilivaa suti tangu saa nane. Mama Elibariki akauliza kama tunakwenda Cedar Hill, nikamwambia hapana. Akauliza basi suti ya nini, nikamwambia anyamaze. Nilichukua ufunguo wa gari mara mbili na kuurudisha. Nilikuwa nimesema sitakuja, na mimi nikisema nimesema. Unanijua.

Ilipofika saa ambayo nilijua wageni wameshaketi kwako, niliiweka chupa mezani nikaifungua ile kanga. Nilimwambia Mama Elibariki alete glasi moja, ile nzuri. Kizibo kilivunjika vipande vipande, ikabidi nichuje kwa chujio la chai. Ilikuwa na rangi ya kutu. Harufu yake ilifika sebuleni kabla yangu. Huyo Wacuka alisema kweli, ila usimwambie kwamba nimekiri.

Mama Elibariki alisema, "Baba Elibariki, mwaga hiyo, utaugua." Nikakaa nayo. Barua yako ilikuwa pale mezani. Ile jioni ya Denton naikumbuka. Namkumbuka samaki, alikuwa mtamu sana, na niliomba niongezewe. Nakumbuka ulisimama muda wote pale mlango wa jikoni, na nilidhani ni heshima. Gauni la kijani silikumbuka. Nimekaa wiki nzima najaribu kulikumbuka na nimeshindwa, na hilo limeniuma kuliko maneno yako yote makali. Theodora, nilikula jioni yako. Nimekosea.

Kwamba Absalom aliniogopa sikulijua. Nilidhani ananipenda. Labda vyote viwili. Lakini pale hospitali hakuwa na sababu ya kuniogopa tena, na bado aliniambia nifungue. Kwa hiyo sikuimwaga.

Nilisimama. Mama Elibariki naye akasimama, maana aliona nimesimama. Nikasema kwa sauti, ili isikike: "Mimi Edson, kaka wa Absalom, napokea posa ya Ushindi mwana wa Rosette, wa Uvira, kwa binti yetu Abigail." Nikanywa. Glasi nzima, mama, mpaka masalia. Ni siki, tena siki mbaya. Machozi yalinitoka, na koo liliwaka, na leo kanisani nimetoka nje mara nne. Wakwe walikuwa hawajarudi, nikaambiwa wamelala kwako. Vizuri.

Sijui ulifungua mvinyo gani jana, wala sikuulizi. Ulichofungua wewe ni kinywaji, kama nilivyokuandikia. Mchague mnachotaka, tamu au majani. Posa ya Abigail imepokelewa hapa Houston, na upande wa baba yake, na nilikuwa wa kwanza kunywa. Mtu yeyote wa Machame au wa Texas akisema mtoto huyu hakutolewa na watu wake, mlete kwangu. Chupa bado ina nusu, nitammiminia.

Edson